Anchor haikuwa na barafu, Dar haina baridi: bia ya ufundi ianzie hapo

Wengi wanaofikiria kufungua kiwanda kidogo cha bia Dar es Salaam huanza na ladha: wapike bia nyeusi, bia chungu ya Kimarekani au bia ya ngano ya Kijerumani. Swali hilo wanaliuliza mapema mno. La kwanza ni la joto. Maji ya kimea, yaani maji matamu ya nafaka iliyooteshwa ambayo hayajawa bia, yakitoka jikoni yanachemka, yatapoozwa na nini, mpaka nyuzi ngapi, na yatabaki kwenye nyuzi hizo kwa siku ngapi umeme ukikatika? Kiwanda kimoja cha San Francisco kililijibu swali hilo kwa hali ya mji wake, na jibu lenyewe likawa bia yake. Historia ya kiwanda hicho, Anchor, ina faida kwa mpika bia wa Dar kuliko daftari lolote la mapishi, ikiwemo sehemu yake ya mwisho, ambayo inauma.

Mwaka 1871 Mjerumani Gottlieb Brekle alinunua baa ya zamani katika mtaa wa Pacific akaigeuza kiwanda cha bia. Mwaka 1896 kikachukuliwa na Ernst Baruth na mkwewe, Otto Schinkel, wakakipa jina la Anchor. Wajerumani waliokwenda California enzi hizo walibeba ujuzi wa laga, bia inayochachushwa kwenye baridi, na hamira ya laga inapenda nyuzi 8 hadi 12. Huko kwao Bavaria waliichachusha kwenye mahandaki yaliyojazwa barafu iliyokatwa ziwani wakati wa baridi. Pwani ya California barafu ya namna hiyo haikuwepo, na mashine za ubaridi zilikuwa bado hazijaenea. Wakaiacha hamira ile ile ya laga ifanye kazi kwenye hewa ya mji wao, nyuzi 15 hadi 18 hivi, ndani ya mabeseni mapana ya wazi yenye kina kifupi.

Kina kifupi ndiyo siri yenyewe, na inafaa kuelezwa vizuri. Sukari ikichachuka hutoa joto. Ukichukua lita 500 za bia ya kawaida, yenye kilevi cha asilimia 5, joto linalotoka humo linatosha kupandisha tanki zima kwa nyuzi 10 hivi likikosa pa kwenda. Tanki refu jembamba hulizuia joto hilo katikati. Beseni pana lenye kina kisichofika hata mita moja hulitoa kwa juu, na upepo wa baharini wa San Francisco, ambao una baridi karibu mwaka mzima, hulichukua. Baada ya siku tatu hivi bia ilihamishiwa kwenye vyombo vya kufungwa, ikaongezwa maji ya kimea mabichi yaliyoanza kuchachuka ili itengeneze gesi yake yenyewe. Matokeo yakawa bia ya rangi ya kaharabu, chungu kidogo, yenye povu jingi na harufu ya matunda kwa mbali ambayo laga ya Bavaria haina. Wamarekani waliiita bia ya mvuke.

Mikosi iliyokiandama kiwanda hicho ni mingi. Februari 1906 Baruth alifariki, na Aprili mwaka huo huo tetemeko kubwa na moto wake vikateketeza jengo. Mwaka 1907, wakati kiwanda kinahamia mahali papya, Schinkel akagongwa na tramu akafa. Mwaka 1920 sheria ya Marekani ya kupiga marufuku pombe ikakifunga. Kilifunguliwa tena 1933, kikaungua baada ya miezi michache, kikajengwa tena, kikafungwa 1959, kikafunguliwa 1960. Kufikia 1965 kilikuwa mbioni kufungwa moja kwa moja ndipo Fritz Maytag, kijana wa ukoo wa mashine za kufulia nguo, alipoingia na kununua asilimia 51 ya hisa.

Bia aliyoikuta ilikuwa inachacha kwenye mapipa. Hilo linastahili kuzingatiwa na kila anayedhani kwamba hadithi nzuri inauza bia mbaya. Maytag alianza na usafi: akanunua hadubini, akajifunza bakteria wa bia ni wepi na wanaingilia wapi, akabadilisha vyombo. Bia ya mvuke ikawekwa kwenye chupa mwaka 1971. Baada ya hapo zikafuatana bia ambazo Marekani nzima ilikuja kuziiga: Anchor Porter, bia nyeusi ya kimea kilichokaangwa; Liberty Ale, iliyopikwa Aprili 18, 1975 kwa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) aina ya Cascade peke yake, nyingine zikilowekwa baridi ndani ya bia baada ya kuchachuka; Old Foghorn, bia nzito ya kunywa taratibu; na Christmas Ale, ambayo kuanzia 1975 mapishi yake yalibadilika kila mwaka pamoja na picha ya mti kwenye lebo. Mwaka 1979 kiwanda kilihamia Potrero Hill. Bia ya mvuke yenyewe ilibaki ile ile: kimea cha shayiri cha kawaida, kimea kidogo cha karameli, hopsi za Northern Brewer, kilevi asilimia 4.9, mabeseni mapana.

Maytag aliuza kiwanda mwaka 2010. Mwaka 2017 kikanunuliwa na Sapporo ya Japani. Mwaka 2021 lebo zilizochorwa kwa mkono zikabadilishwa. Juni 2023 kikatangaza kwamba kitauza California tu na kwamba Christmas Ale inasitishwa. Mwezi uliofuata kikatangaza kufungwa kabisa. Wamiliki walitaja korona, mfumuko wa bei na ushindani. Mwaka 2024 mfanyabiashara wa mtindi Hamdi Ulukaya alikinunua. Sababu walizotaja wamiliki zina uzito, lakini uamuzi wa kuishi kwa soko la nchi nzima ulikuwa na madhara yake pia. Bia iliyotokana na hewa ya mji mmoja ilisafirishwa maelfu ya kilomita ikapangwe rafu moja na bia za makampuni yanayomiliki malori, maghala na bei. Huko mbali sifa yake yote ya nyumbani ilibaki maandishi kwenye chupa.

Sasa tuje Dar. Mji huu una kiwanda cha bia tangu 1933, na viwanda vyetu vikubwa vimeishi kwa laga: Safari, Kilimanjaro, Serengeti. Vinaiweza kwa sababu vina mitambo mikubwa ya ubaridi, jenereta za kuilinda na wingi wa uzalishaji unaogawanya gharama hiyo ikawa senti kwa chupa. Kiwanda kidogo kinachopika lita 500 kwa mpigo kikiingia kwenye laga, kinaingia kwenye mchezo ambao mwenzake ameshaununua uwanja.

Hesabu ni nyepesi. Maji ya bomba Dar yana nyuzi 27 au 28. Kipoozeo cha sahani, kinachotumia maji hayo kupoza, kikiwa kizuri kinashusha maji ya kimea kutoka kuchemka hadi nyuzi 32 au 33, basi. Kutoka hapo hadi nyuzi 12 za laga, lita 500 zinahitaji ubaridi unaolingana na zaidi ya kilo 100 za barafu, na huo ni mwanzo tu. Kwa siku saba hadi kumi zinazofuata mtambo unatakiwa kuondoa joto la uchachukaji na lile linalopenya kutoka chumba chenye nyuzi 30. Umeme ukikatika kwa muda wa saa sita siku ya pili, tanki la chuma lisilo na koti la kuzuia joto linapanda nyuzi kadhaa katikati ya kazi, na hamira ya laga iliyopata joto hulalamika kwa namna zinazonywewa: harufu ya siagi, harufu ya rangi ya kucha, kilevi kikali kinachochoma koo na kuleta kichwa asubuhi. Bia haijaharibika kiasi cha kumwagwa, lakini si ile ya wiki iliyopita, na mteja aliyelipa bei ya juu anayo haki ya kuipata ile ya wiki iliyopita.

Kuiga bia ya mvuke ya Anchor hakusaidii. Nyuzi 16 za bure za San Francisco hazipo hapa hata usiku wa Julai. La kuiga ni namna walivyofikiri: chukua joto la mji wako kama lilivyo, utafute hamira inayolipenda.

Hamira hiyo ipo. Wakulima wa magharibi ya Norway, nchi ya baridi, wametunza kwa vizazi hamira za nyumbani ziitwazo kveik, walizokuwa wakizimwagia kwenye maji ya kimea yakiwa bado ya moto, kisha wakizikausha juu ya kitambaa au pete ya mbao mpaka msimu mwingine. Ile ya eneo la Voss inafanya kazi kwa raha kati ya nyuzi 30 na 40, inamaliza kwa siku tatu au nne, na ladha inayoacha ni ya machungwa, bila ule ukali wa hamira nyingine zikipata joto. Inauzwa kavu. Kwa lita 500 inatakiwa gramu 250 hadi 500. Maji ya kimea yanayotoka kwenye kipoozeo yakiwa na nyuzi 33 yanapokea hamira hapo hapo. Uchachukaji wenyewe unaongeza joto hadi 36 au 38, na hapo ndipo inapotaka. Umeme ukikatika siku ya pili hakuna kilichoharibika. Ubaridi bado utahitajika mwishoni, kushusha bia hadi nyuzi 3 au 4 ili itulie na kung'aa, lakini kazi hiyo inaweza kuchukua siku mbili na kungoja umeme urudi.

Joto hilo hilo, hata hivyo, linapendwa na bakteria wa maziwa mgando. Katika nyuzi 35 bakteria mmoja aliyejificha kwenye mpira wa valvu anazaana usiku mmoja kiasi ambacho kwenye nyuzi 12 angehitaji siku nyingi. Ndiyo maana anayechachusha kwa joto anatakiwa awe msafi kuliko anayechachusha kwa baridi: magadi makali ya asilimia 2 yazungushwe kwenye tanki na mabomba yakiwa na nyuzi 70 au zaidi, suuza, kisha dawa ya asidi ya kuua vijidudu, na valvu zote zifunguliwe na kusuguliwa kwa mkono kila mpigo. Hamira imwagwe yote kwa wakati mmoja, ndani ya saa moja tangu maji ya kimea yapoe, isiwape wengine nafasi ya kutangulia. Bia nyingi ndogo zinazochacha mijini humu zinachacha kwenye valvu na kwenye saa za kusubiri, na lawama hupewa hamira.

Maji yana tatizo lake. Sehemu kubwa ya mji inakunywa Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na maji hayo yanatiwa klorini kama inavyopaswa. Klorini ikikutana na vitu vilivyomo kwenye kimea huzaa harufu ya plasta ya hospitali, na inatosha kidogo sana kuharibu tanki zima. Dawa yake ni rahisi: chujio la mkaa, au kemikali iitwayo metabaisalfaiti, kiasi cha nusu gramu hivi kwa kila lita 75, ikorogwe kabla ya maji kupashwa moto. Maji ya kisima karibu na pwani ni habari nyingine. Chumvi haitoki kwa mkaa wala kwa kuchemsha. Mpika bia apimiwe maji maabara kwanza, kabla hajasaini pango la eneo.

Nafaka ndiyo sehemu yenye utajiri mwingi, na ndipo wengi wanapokosa ujasiri. Mpigo mmoja wa lita 500 unakula kilo 100 hivi za nafaka. Njia ya mkato ni kununua magunia manne ya kimea cha nje, kila moja kilo 25. Lakini Dodoma na Singida wanalima mtama mweupe mzuri, na theluthi ya kilo hizo, au karibu yake, inaweza kuwa mtama bila bia kupoteza umbo. Ila mtama hautaki kutendewa kama shayiri. Wanga wa shayiri unalainika chini ya nyuzi 65, joto ambalo vimeng'enya vya kimea, vinavyogeuza wanga kuwa sukari, vinapenda kufanyia kazi. Wanga wa mtama unataka nyuzi 70 na kitu, na huko vimeng'enya vingi vinakufa upesi; vinavyovumilia kwa muda vinatosha kulainisha uji tu. Anayechanganya vyote kwenye sufuria moja kwa nyuzi 65 anapata maji mepesi, na uji wa mtama unabaki chini haujaguswa.

Kwa hiyo mtama unapikwa peke yake kwanza. Kilo 30 za mtama uliosagwa chenga na kilo 5 za kimea cha shayiri zinaingia kwenye lita 110 za maji. Zinapashwa hadi nyuzi 70 na kukaa robo saa ili kimea kiulainishe uji usigande, kisha zinachemshwa nusu saa huku zikikorogwa, maana mtama unashika chini upesi. Pembeni, kilo 65 za kimea zilizobaki zinalowekwa kwenye lita 180 za maji, mchanganyiko ukae kwenye nyuzi 50. Uji wa mtama ukishuka hadi nyuzi 90 unamiminwa kwenye ule wa kimea, na vyote pamoja vinatua kwenye nyuzi 65 hivi bila kuwasha moto. Saa moja hapo. Kabla ya kuchuja, kilo 5 za pumba za mpunga zilizooshwa zichanganywe, kwa sababu mtama hauna maganda ya kupitisha maji na bila pumba chujio litaziba kabisa. Maji ya kusuuzia yaongezwe hadi kupata lita 560 za kuchemsha. Saa moja jikoni inaacha lita 510 hivi.

Mtama huo uwe mbichi, usiwe umeoteshwa. Machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi, na anayeotesha lazima ayakaushe vizuri na kuyapukuta yote. Zaidi ya hapo, hewa ya Dar ina unyevu unaoleta ukungu kwenye nafaka iliyooteshwa kabla haijakauka. Anayetaka kimea cha ulezi, ambacho kina vimeng'enya vizuri kuliko cha mtama, akitengenezee bara kwenye ukavu, kije mjini kikiwa tayari.

Ulezi unatuleta kwenye mbege, ambayo ni ushahidi bora kuliko Anchor kwamba bia ya joto inawezekana. Wachaga wanapika ndizi mbivu, wanaziacha zichachuke, wanachanganya na uji wa kimea cha ulezi uliopoa, na uchungu wanaupata kwa gome la msesewe. Hakuna jokofu popote. Mbege inakwepa kuharibika kwa kunywewa upesi, ikiwa bado inachachuka. Kuna wanaotamani kuuhamisha msesewe kiwandani uchukue nafasi ya hopsi, na wazo hilo linapaswa kukataliwa mpaka maabara iseme. Mti huo una kemikali zinazoshusha shinikizo la damu, na gome haliji na kipimo kilichoandikwa juu yake. Halafu mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa. Hopsi zenyewe zinasafirishwa na hazipendi joto la kontena bandarini, kwa hiyo bia inayotegemea harufu kali ya hopsi ni chaguo baya hapa. Uchungu wa wastani, wa kuzuia bakteria na kusawazisha utamu, unatosha. Machungwa ya hamira ya Voss yatafanya kazi ya harufu.

Anayepinga hoja hii husema mnywaji wa Dar anataka laga, inayong'aa, na mhudumu anamuuliza tu: ya baridi au ya moto? Ni kweli, na swali hilo la mhudumu ndilo linaloweka mpaka. Laga ya kiwandani imepashwa moto kuua vijidudu, ndiyo maana inavumilia kukaa rafuni "ya moto" kwa wiki kadhaa. Bia ya kiwanda kidogo haijapitia hapo. Hamira iliyomo bado ni hai na hewa kidogo iliyoingia wakati wa kujaza inaendelea kuila bia. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinaharakisha uharibifu huo karibu mara mbili. Ikikaa mwezi kwenye duka lenye nyuzi 30 itakuwa na ladha ya boksi lililolowa. Hivyo isiende dukani. Ushuru wa bia hapa unalipwa kwa lita, stempu na alama ya ubora zina masharti yake, na kuzibeba gharama hizo kwa kufukuzia rafu za Arusha na Mwanza ni kurudia safari ya Anchor bila ukubwa wa Anchor.

Ziende kegi, yaani mapipa ya chuma ya bia, ndani ya mji: Sinza, Mikocheni, Masaki, Tabata, mahali ambapo gari moja lenye jokofu linafika na kurudi kabla ya foleni ya jioni. Tarehe ya kupikwa iandikwe kwenye kegi kwa herufi zinazosomeka na mnywaji, si mhudumu peke yake, na wiki nne ziwe mwisho. Baa isiyo na gesi ya kaboni isipewe kegi, kwa sababu bia inayosukumwa kwa pampu ya hewa inafubaa kwa siku mbili. Kegi ya lita 20 iliyofunguliwa Ijumaa iwe imeisha Jumapili usiku. Isipoisha kwa wikiendi tatu mfululizo, baa hiyo ipelekewe ya lita 10.